Vita vya Koo katika Nchi ya Wakurya

Wakurya wa Tarime na Serengeti hukaa kwa koo, na kila ukoo na nchi yake huitwa ikiaro. Zamani waliteka ng'ombe wa makabila mengine, hasa Wamasai. Lakini fedha na masoko vilipoingia, ng'ombe hakuwa tena mali ya mahari tu, bali bidhaa ya kuuzwa, hata ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Basi ikiaro moja ikaiibia nyingine, ijapokuwa lugha ni moja, na wizi ukazaa vita vya ndugu. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bunduki nazo zilienea, zikazidisha mauti.

Aumiaye sana ni mwanamke aliyeolewa katika ikiaro nyingine. Mumewe yuko upande huu, kaka zake upande ule, amlilie nani?

Mwalimu atakaye kufundisha habari za amani asitafute neno geni. Liko iritongo, yaani baraza la ikiaro lisemalo mambo hadharani. Kwa desturi ni mkutano wa wanaume. Lakini ajuaye msiba wa pande zote mbili ni mama yule.