Zabibu za Hatib na bei za maduka ya mtandaoni

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SWT), aliyewahalalishia waja wake biashara na kuwakataza riba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyabiashara aliyejulikana kwa uaminifu wake, pamoja na Aali zake na Masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, limekuwa jambo la kawaida siku hizi kwa baadhi ya familia zetu za mijini kuagiza unga, mchele, mafuta, nyama na hata mboga kwa simu, na baada ya muda kijana wa bodaboda akapiga hodi akiwa na mzigo. Masheikh huulizwa iwapo biashara hii inasihi, ilhali mnunuzi hakuiona bidhaa wala hakukutana na muuzaji. Ni swali zuri na jawabu lake lipo. Lakini lipo swali la pili ambalo ni nadra kuulizwa, nalo kwa maoni yangu ni zito zaidi: duka hilo lililo ndani ya simu ni la nani, na soko amelipata kwa njia gani?

Tuanze na lile la kwanza, maana halina urefu. Katika madhehebu ya Imam Shafi (RA), ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata katika mwambao huu, kauli yake mpya ni kwamba kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Wenzetu Mahanafi wanakisihisha, kisha wanampa mnunuzi khiyari pindi atakapokiona. Hata hivyo mwenye kuagiza kilo tano za mchele kwa simu hanunui mchele fulani ulio kwenye gunia fulani. Ananunua mchele wa sifa zilizotajwa, ulio katika dhima ya muuzaji. Huu ni mlango wa salam, na Mashafi wanaukubali hata kwa bidhaa ya kukabidhiwa papo hapo, kwa sharti kwamba thamani itangulizwe. Mwaka 1990 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita mjini Jeddah, ilipitisha kuwa mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano inasihi, lakini ikaitoa salam kwa sababu hiyo hiyo ya malipo kutangulizwa. Kikao kile kile kilikubali kuwa fedha ikishaingia katika akaunti ya mtu, huhesabiwa ameikabidhiwa. Leo ambapo mama analipa kwa simu na fedha ikamfikia muuzaji kabla hajaiweka simu chini, kile kilichokuwa kikihofiwa kimeondoka.

Na akilipa mzigo unapofika, basi agizo lake lilikuwa ahadi tu, na mkataba unafungwa mlangoni kwa kupeana. Imam Nawawi (RA) alikubali mauzo ya kupeana bila ya matamko, katika yale ambayo ada ya watu inayahesabu kuwa ni mauzo. Kwa hiyo mama wa nyumbani asione haya kufungua mfuko mbele ya aliyeuleta. Mtume (SAW) alipopita penye lundo la chakula sokoni alitia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji, naye akamkemea mwenye chakula kwa kutouweka ule ulioloa juu ili watu wauone. Nyanya zilizooza chini ya kapu lililoletwa kwa pikipiki hazina hukumu nyingine.

Sasa tuje kwenye lile la pili. Ili lieleweke tutachukua kisa kimoja cha Marekani, kwa kuwa huko ndiko mambo haya yalikotangulia na nyaraka zake zimeshawekwa wazi mbele ya Bunge lao.

Mwaka 2005 vijana wawili, Marc Lore na Vinit Bharara, walianzisha katika jimbo la New Jersey biashara ya kuuza nepi za watoto kwa njia ya mtandao. Kampuni ikaja kuitwa Quidsi na duka lake likajulikana kwa jina la Diapers.com. Nepi ni bidhaa kubwa kwa umbo na ndogo kwa faida, na wengi walidhani haiwezekani kumpelekea mtu nyumbani ukabaki na chochote. Wao waliweza, kwa kupanga ghala na vifungashio kwa uhodari, na akina mama wenye watoto wachanga wakawapenda. Ndipo Amazon ilipowatazama. Walipokataa kujiunga nayo mapema, Amazon ilishusha bei ya nepi. Nyaraka za ndani za kampuni hiyo, zilizotajwa katika ripoti ya kamati ndogo ya Bunge la Wawakilishi ya Oktoba 2020, zinaonesha kuwa ilikuwa tayari kupata hasara ya zaidi ya dola milioni 200 kwa mwezi mmoja katika bidhaa hiyo. Hebu, ndugu msomaji, fikiri muuzaji anayekubali hasara ya namna hiyo anatafuta nini. Hakika hatafuti kuwahurumia akina mama.

Quidsi haikuweza kustahimili. Mwezi Novemba 2010 ilitangazwa kwamba Amazon imeinunua kwa takriban dola milioni 545. Mwaka 2017 Amazon ikaifunga, ikisema haikupata nayo faida. Mwezi Julai 2020 mbunge Mary Gay Scanlon alimuuliza mwenye Amazon, Jeff Bezos, kuhusu bei hizo za kushushwa, na kuhusu punguzo walilopewa akina mama ambalo baada ya ununuzi lilikatwa. Bwana Bezos alijibu kuwa ni mambo ya miaka mingi nyuma, na kwamba nepi zilikuwa zikipatikana katika maduka mengine mengi.

Ndugu msomaji, mwanafunzi wa fiqhi akikisikia kisa hiki hukumbuka kingine. Imam Malik (RA) amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (RA) alipita sokoni Madina akamkuta Sahaba Hatib bin Abi Balta'a (RA) akiuza zabibu kwa bei ambayo Khalifa hakuiridhia. Akamtaka achague mojawapo: apandishe bei, au aondoke katika soko lao. Kiongozi mwadilifu kuliko wote wa zama zake, ambaye alijulikana kwa kuwahurumia mafukara, anamzuia mtu kuuza rahisi! Msomaji wa leo anaweza kustaajabu.

Wanazuoni walihitilafiana katika kukifahamu kisa hiki, na hitilafu yao ina faida kwetu kuliko hotuba nyingi. Imam Malik alikichukua kuwa ni msingi: mwenye kujitenga na bei ya watu wa soko huambiwa arudi katika bei yao au aondoke. Wafuasi wake nao wakahitilafiana katika maana ya maneno yake. Wako waliosema amekusudia anayeuza ghali kuliko wenzake, na wako waliosema amekusudia anayeuza rahisi kuliko wenzake, kwa kuwa huyo huwaharibia wengine soko. Imam Shafi kwa upande wake alipokea kisa hicho kwa ukamilifu zaidi. Katika mapokezi yake, Umar alimtajia Hatib habari ya msafara unaokuja na zabibu kutoka Taif, ambao wenyewe wangelazimika kuifuata bei yake. Kisha Umar aliporejea aliihoji nafsi yake, akamwendea Hatib nyumbani kwake na kumweleza kuwa yale hayakuwa amri wala hukumu, bali ni jambo aliloliona lina kheri kwa watu wa mji. Basi auze apendapo na kwa namna apendayo. Kwa mapokezi haya Imam Shafi akasema watu wana mamlaka juu ya mali zao, na hakuna wa kuwalazimisha bei. Nayo yanawafikiana na ile hadithi mashuhuri ambayo ndani yake Mtume (SAW) aliombwa awapangie watu bei zilipopanda, akakataa kwa kuchelea kukutana na Mola wake akiwa na dhuluma ya mtu yeyote.

Sisi ni wafuasi wa Imam Shafi, na hatusemi kuwa kuuza rahisi ni haramu. Anayepunguza bei kwa kuwa amepata mzigo kwa wema, au ameridhika na faida ndogo, huyo ana ujira kwa Mola wake. Lakini Hatib alikuwa mtu mmoja mwenye zabibu zake. Hakuwa na hazina ya kumwezesha kula hasara mwezi hadi mwezi mpaka watu wa Taif wafilisike, kisha awanunue, kisha apandishe. Anayeshusha bei kwa makusudi ya kumwangusha mwenzake ameingia katika mlango mwingine, mlango wa kudhuru, na sheria yetu imeukataza kwa Mashafi na Mamaliki sawasawa. Na kama lengo la mwisho ni kubaki peke yake na chakula cha watu mkononi ili awauzie atakavyo, basi amesogea karibu na ihtikari, ambayo katika Sahihi Muslim mwenye kuifanya amehesabiwa kuwa mkosaji.

Tusidhani kuwa mambo haya ni ya Amazon peke yake, wala kwamba kila ununuzi wa namna hii ni ubaya. Huyo huyo Marc Lore alianzisha duka jingine la mtandaoni, Jet.com, lililofunguliwa mwaka 2015. Mwaka uliofuata Walmart, mfalme wa supamaketi za Marekani, ikalinunua kwa dola bilioni 3.3, na Lore akapewa kusimamia biashara yake yote ya mtandaoni nchini humo. Jina la Jet likafutwa mwaka 2020. Walmart haikuwa na haja na jina; ilitaka elimu ya wale vijana, ikaiunganisha na maelfu ya maduka yake ambayo kila moja linaweza kuwa ghala la kupeleka vyakula majumbani. Wenye duka waliuza kwa ridhaa yao na kwa bei iliyowatajirisha, na kuuziana kwa kuridhiana hakuna lawama. Mwaka 2017 Amazon nayo ikanunua maduka ya vyakula ya Whole Foods kwa dola bilioni 13.7, na mwaka huo huo ikainunua Souq.com, duka la mtandaoni lililokuwa kubwa kuliko yote katika nchi za Kiarabu. Ndugu zetu walioko Dubai waliona mwaka 2019 jina lile la Kiarabu likiondoka, na mahali pake likawekwa la Amazon.

Mwenye kuuliza atasema: kwa nini wasijenge wenyewe, wanunue vya wenzao kwa fedha zote hizo? Jawabu ni kwamba kupeleka chakula nyumbani ni kazi ya gharama. Kampuni ya Webvan ya Marekani ilitumia mamia ya mamilioni ya dola kujenga maghala ya kazi hiyo na ikafilisika mwaka 2001. Hapa kwetu Jumia iliondoka Tanzania Novemba 2019, na Desemba 2023 ikatangaza kufunga huduma yake ya kupeleka chakula katika nchi zake zote, zikiwemo Kenya na Uganda. Anayekuambia mzigo unaletwa bure hajakueleza yote, yupo anayelipa. Pengine ni mwenye hisa, anayesubiri kurudishiwa siku soko litakapokuwa lake. Pengine ni mkulima au kiwanda kidogo. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua kwamba kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini humo ilitumia vibaya nguvu zake kama mnunuzi dhidi ya mzalishaji mmoja mdogo wa mtindi, kwa makato iliyokuwa ikimtoza, na mwaka 2021 baraza la rufaa likaitupa rufaa ya kampuni hiyo. Tanzania nayo ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza muungano wa makampuni utakaomfanya mmoja alitawale soko. Wapo wanaodhani hayo ni mambo ya mabenki na viwanda vya saruji. Ni mambo ya mchele na mafuta ya kula pia, na Muislamu aliye mfanyabiashara ana haki ya kupeleka malalamiko yake huko.

Pamoja na hayo, huduma hii ina watu inaowafaa kwelikweli: mzee asiyeweza kutoka, mama aliyejifungua ambaye mumewe yuko safarini, mwenye kuuguza. Hao waagize bila ya wasiwasi. Wengine tutazame pia upande wa pili wa uchochoro. Muuza duka wa mtaani anakuandika katika daftari mwezi unapokuwa mrefu, anakupa nusu kilo ya unga na kibaba cha mafuta, bila ya kuzidisha hata senti utakapomlipa. Huo ni mkopo mwema, ambao programu ya simu haina. Kumkimbia kwa sababu ya shilingi mia mbili za punguzo la muda, kisha kumrudia tukiwa na dhiki, si uungwana kwa jirani.

Limebaki suala la kijana wa bodaboda, nalo limeulizwa na zaidi ya mmoja. Mteja ameagiza, mzigo umefika ukiwa kama ulivyoelezwa, naye anasema hautaki tena. Ikiwa alikwishalipa, mauzo yamethibiti na hana haki ya kurudisha ila kwa aibu iliyo katika bidhaa au kwa ridhaa ya muuzaji. Ikiwa hakulipa, amevunja ahadi, na jambo hilo peke yake ni zito. Ama ujira wa kijana, ameustahiki kwa kufika kwake. Unamlazimu aliyemkodi, awe muuzaji au mteja mwenyewe, na haifai kumrudisha mikono mitupu kwa hoja kuwa mzigo haukuuzika. Yeye aliuza safari yake, na safari ameimaliza. Wallahu a'lam.