Ngalawa ya Shumba juu ya meza: panga mota kwanza, rangi baadaye

Michezo ya vita ya mezani ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Maofisa wa jeshi la Prussia walikuwa wakifundishwa kwa mchezo wa ramani na dadu tangu 1824, na mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu kizima cha kanuni za kupiganisha askari wa bati sakafuni. Leo mchezo huo unachezwa kwa vijisanamu vya kupaka rangi kwa mkono, rula ya kupimia mwendo na dadu za kuamua nani kapigwa. Madukani utapata askari wa Napoleon, vifaru, mazimwi na watu wa anga za juu. Ngalawa hupati. Ukitaka ngalawa, utaichonga mwenyewe.

Sisi tuliitaka kwa sababu ya vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896. Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa amejiweka kwenye kiti cha usultani, Waingereza wakampa mpaka saa tatu asubuhi atoke, na dakika mbili baada ya muda huo manowari zikaanza kulipiga kasri. Dakika 38 au karibu na hapo, kila kitu kimekwisha, na meli ya Sultani, Glasgow, imezama bandarini. Kwa mchezo, vita hivi ni vibovu kabisa: upande mmoja hauna nafasi. Kwa hiyo tuliugeuza. Katika mchezo wetu manowari hazimo mezani, zimo kwenye dadu tu. Mchezaji anashika ngalawa za watu wa kawaida, na anahesabiwa alama kwa kila ngalawa iliyobeba watu ikatoka bandarini kabla ya raundi ya mwisho. Ngalawa inayoyumba iko hai. Iliyosimama imepigwa. Mota, basi, si pambo. Ni sehemu ya kanuni.

Kigezo chetu ni ngalawa ya Shumba, kaskazini ya Pemba, wilaya ya Micheweni. Tuliipima kwa futi kamba: urefu mita 6, upana wa mtumbwi wenyewe sentimita 60, na kutoka rengu la upande mmoja hadi la pili mita 4. (Kwa asiyezijua: matengo ni ile miti inayokingama juu ya mtumbwi, na marengu ni mbao za mwishoni zinazokanyaga maji ili chombo kisipinduke.) Vijisanamu vya mchezo huu vina urefu wa milimita 28 kutoka unyayoni hadi machoni, yaani mtu amepunguzwa mara 56 hivi. Gawa vipimo vya ngalawa kwa 56: urefu sentimita 10.7, matengo sentimita 7, na mtumbwi una upana wa sentimita 1 na kidogo.

Hapo ndipo anayeanza na uchongaji anapokwama. Mota rahisi kuipata Pemba ni ile inayotoa na kurudisha trei katika deki mbovu ya DVD. Fundi redio yeyote anayo kwenye boksi la takataka zake. Ina kipenyo cha milimita 24 na unene wa 12. Mtumbwi wetu hauna nafasi hata ya nusu yake. Ile mota ndogo ya kutetemesha simu ingeingia, lakini ina nguvu ya kutikisa tu. Jawabu ni kuiacha ngalawa iwe ngalawa na kuficha mitambo yote ndani ya kitako, kile kipande cha chini ambacho kila kijisanamu husimamia. Chetu kina sentimita 13 kwa 8, na unene wa sentimita 3. Ni kinene mno kwa desturi ya mchezo. Ukikipaka kama wimbi lililoinuka, jicho linasamehe.

Sasa swali la fizikia: iyumbe kwa kasi gani?

Tuseme ngalawa ya kweli inachukua sekunde 3 kuyumba upande mmoja, wa pili, na kurudi. Ukiipunguza mara 56, je, modeli nayo ichukue sekunde 3? Mhandisi Mwingereza William Froude, aliyekuwa akivuta modeli za meli ndani ya birika kubwa kule Torquay katika miaka ya 1870, alionyesha kwamba maji hayapungui kwa usawa huo. Mawimbi yanatawaliwa na uzito, na mvutano wa dunia haupungui kwa sababu wewe umechonga kitu kidogo. Urefu ukigawanywa kwa 56, muda hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 56, ambacho ni 7.5 hivi. Kwa hiyo kidau cha sentimita 11, kikiwekwa kwenye maji halisi yenye mawimbi madogo ya kulingana nacho, kitamaliza mzunguko wake kwa sekunde 0.4. Ndiyo maana vidau vya watoto ufukweni hupapatika vile, hata kama vimechongwa vizuri namna gani. Na ndiyo maana watengeneza filamu wa zamani, wakitaka modeli ya meli ionekane meli, walizungusha kamera haraka kuliko kawaida, halafu wakaionyesha filamu polepole.

Sisi hatuna kamera, tuna macho ya watu waliokaa kuizunguka meza. Jicho linasoma upole wa mwendo kama uzito. Kwa hiyo tunakataa kwa makusudi sheria ya maji na kuchagua sekunde 3 kamili: mizunguko 20 kwa dakika.

Mota ya deki haina habari na mizunguko 20. Ukiipa volti 3 inakwenda maelfu. Tuseme 2,400 kwa dakika. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuipunguzia umeme. Halifai, na sababu yake inapendeza. Mota hii ikizunguka hujizalishia yenyewe volti ya kupinga ile unayoipa, na kadiri inavyokwenda kasi ndivyo upinzani unavyokua. Mwendo wake unatulia pale volti hizi mbili zinapokaribiana. Ni kweli basi kwamba ukipunguza volti mwendo hupungua. Lakini nguvu yake ya kuanza kuzunguka inapungua pia, wakati msuguano wa mhimili na brashi zake uko palepale. Utashusha, utashusha, kisha itasimama kabisa kabla hujaufikia mwendo unaoutaka; na ikisimama inakula umeme mwingi kuliko ilivyokuwa ikizunguka, maana ile volti ya kupinga haipo tena.

Kinachotakiwa ni kugawa mwendo kwa meno. Kutoka 2,400 hadi 20 ni kugawa kwa 120. Deki yenyewe inakupa nusu ya kazi: mota yake huvuta gurudumu kubwa kwa mkanda mdogo wa mpira. Chukua hivyo hivyo. Gurudumu la mota na lile linalovutwa wakiwa na vipenyo vya 1 kwa 4, tumeshafika 600. Gia ya meno 10 ikisukuma ya meno 50, tunafika 120. Meno 10 mengine yakisukuma 60, tunafika 20. Ukikosa meno hayo hasa, gia za gari bovu la kuchezea zinakubali kuchanganywa, mradi zinazokutana ziwe na meno ya ukubwa mmoja. Usihangaike kuipima mota yenyewe: tia doa la rangi kwenye gia ya mwisho, hesabu kwa dakika moja.

Kila mara unapogawa mwendo, nguvu ya kuzungusha inazidishwa, ukiondoa kinachopotea kwenye msuguano. Mara 120 ni nguvu nyingi kwa kitu kidogo kama hiki. Mtoto akiishika ngalawa kwa mkono wakati inayumba, kitu lazima kikubali: ama meno yavunjike, ama mkanda uteleze. Mkanda unateleza. Ndiyo sababu singeubadilisha kwa gia ya chuma hata kama ningepewa bure.

Kubadili mzunguko kuwa yumbo ni kazi ya pini moja. Ngalawa inaning'inia kwenye waya wa spoku ya baiskeli uliopita kwa urefu wake, omo hadi tezi, usawa wa maji. Chini ya mtumbwi kuna mguu ulioshuka milimita 20 ndani ya kitako, wenye mpasuko mwishoni. Gia ya mwisho imelala bapa chini yake, na juu yake pana pini, milimita 2 kutoka katikati. Pini inazunguka ndani ya mpasuko, inausukuma mguu huku na huku. Milimita 2 kwa 20 ni sehemu moja ya kumi, na hiyo ni karibu digrii 6 kila upande. Pini ikisogezwa hadi milimita 5 utapata zaidi ya digrii 14, na hiyo ni ngalawa katika dhoruba.

Digrii 6 zina matokeo yake. Rengu liko milimita 35 kutoka katikati, kwa hiyo linapanda na kushuka karibu milimita 4. Maji ya plasta yakiwa usawa wake, litagonga na mota itakoroma. Chimba bonde dogo chini ya kila rengu, halafu lipake jeupe kama povu. Kasoro inageuka kuwa maji yanayorushwa.

Uzito hautusumbui kama unavyotarajia, kwa sababu unapungua mara 56 kwa urefu, mara 56 kwa upana, na mara 56 tena kwa kimo. Ngalawa ya kilo 200 ingebaki gramu 1 na kidogo. Yetu ya mti mwepesi, na gundi na rangi zake, inazidi hapo mara kadhaa, na bado mota haijali. Linalojaliwa ni msuguano, ambao haupungui kwa heshima hiyo. Spoku ipite kwenye vipande vya mrija wa peni, na upake tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yaache jikoni: yanaganda na kuwa gundi, na sisimizi watakuja.

Mlingoti ni chelewa cha ufagio, foromali chelewa chembamba zaidi. Tanga halipunguziki kikweli, maana nguo ya nusu milimita ingetakiwa iwe nyembamba kuliko mfuko wa rambo. Karatasi laini iliyolowekwa gundi nyeupe na kukaushwa juu ya chupa inapata ule uvimbe wa upepo, na hilo ndilo macho yanalolitafuta.

Umeme ni betri mbili za rimoti. Mitambo yetu inakula kama miliampia 60, na betri za alkalini za saizi hiyo hubeba karibu 1,000 za saa, kwa hiyo unapata saa 15 au zaidi. Betri bapa ya kitufe haitaweza, volti zake zitaanguka mara mota inapoanza. Betri ya simu kuukuu inavutia, lakini ikitobolewa au nyaya zake zikigusana inaweza kuwaka moto, nayo imefungiwa ndani ya kitako cha plastiki na gundi. Mimi singeitia.

Tengeneza tatu. Hakuna mota mbili za deki zinazolingana sawasawa, kwa hiyo ngalawa zikiwashwa pamoja zitaanza kuachana ndani ya dakika moja, kila moja na yumbo lake, kama zilivyotia nanga pamoja lakini kila moja na bahari yake. Swichi iwekwe upande wa tezi, ili mchezaji anapoizima ngalawa iliyopigwa mkono wake usilifunike tanga.