Mashine Ndogo ya Kuchimba Bitcoin Inatufundisha Nini?

Wapo watu wanaounda kwa mikono yao mashine ndogo ya kuchimba bitcoin iitwayo Bitaxe. Michoro yake iko wazi kwa yeyote. Wanachomelea chipu moja kwenye bodi, wanapaka grisi ya kupitisha joto, kisha wanafunga feni.

Ikigoma, hawaitupi. Wanapima volti, wanatazama kwa kioo cha kukuza kama risasi imeunganisha miguu miwili ya chipu, wanakagua kama feni inazunguka. Wanaondoa kisababishi kimoja kimoja mpaka wafike kwenye chanzo. Sisi tunaosoma falsafa tunaitambua njia hiyo.

Je, wanatajirika? Hapana. Kuchimba bitcoin ni kubahatisha namba. Toleo mojawapo la mashine hii hubahatisha takriban mara bilioni 500 kwa sekunde, likitumia wati 15 hivi. Lakini mashine zote duniani kwa pamoja zinaizidi zaidi ya mara bilioni moja. Kwa wastani, ingengoja zaidi ya miaka 10,000 kushinda mara moja.

Basi tuwe macho, ndugu waamini. Anayetuahidi faida ya uhakika kila siku kwa “kuchimba” kwenye simu anatudanganya. Katika waraka Laborem Exercens wa 1981, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwanza kwa mtu anayeifanya. Mafundi hawa hukosa sarafu, lakini hubaki na ujuzi. Aliyetuma akiba yake kwa tapeli hubaki bila chochote.