Daftari Halirudishi Bomba

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na stoo nyingi zimeufanya msemo huo kuwa sheria yake ya kwanza na ya mwisho. Chukua chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, cha wakulima wa pamba wa Bunda au Butiama, chenye mabomba machache ya kunyunyizia dawa na wanachama wengi wa kuyaazima. Mwanachama anaandikwa jina na tarehe, anatia sahihi, anaondoka na bomba mgongoni. Akilirudisha, jina linakatwa kwa mstari. Utaratibu huo ni mzuri, ila unalinda nusu tu ya mali. Daftari linajua bomba liko kwa nani, halijui lina hali gani. Kifaa cha kuazimana huharibiwa zaidi na mapokezi mabovu kuliko utoaji mbovu, na hapo ndipo nguvu za usimamizi zinapopaswa kuwekwa.

Pamba inalionyesha jambo hili vizuri kwa sababu haimpi mtu muda. Katika kanda ya Magharibi ya kilimo cha pamba, ambamo Mkoa wa Mara umo, hupandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba, kwa hiyo mashamba hukua pamoja na kushambuliwa pamoja. Funza wa vitumba akishapenya ndani ya tumba, dawa haimfikii tena. Nozeli iliyoziba au oringi iliyolika inayogunduliwa asubuhi ya kupulizia humaliza siku ambazo mkulima hana. Kuna pia hatari isiyoonekana kwa macho. Bomba hilohilo huweza kuazimwa kwa ajili ya mahindi na kutiwa dawa ya magugu aina ya 2,4-D, ambayo huua mimea ya majani mapana. Pamba ni mmea wa majani mapana, tena hudhurika kwa kiasi kidogo mno cha dawa hiyo. Masalia yaliyobaki kwenye tangi au mpira yanatosha kukunja majani ya shamba la mwenzako, na kusuuza kwa maji mara moja mara nyingi hakuyaondoi. Kwenye daftari, bomba hilo limerudi salama.

Ofisi za mjini Musoma zinaweza kujiona mbali na habari za funza, lakini ugonjwa ni uleule. Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa tarehe 30 Juni na mali huhesabiwa. Projekta iliyoungua taa huhesabiwa moja, sawa na nzima. Aliyeiharibu hakuulizwa siku aliyoirudisha. Anayeulizwa ni aliyeiazima wa tatu baada yake, naye hana hatia. Watu wakishaona lawama zinamwangukia yeyote, hujifunza kurudisha kimya kimya. Tabia hiyo tunaiita ukosefu wa uaminifu, ingawa ni utaratibu wenyewe unaowafundisha kuficha.

Atatokea wa kusema kwamba chama hakina mtu wa kukagua kila bomba. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alieleza katika utafiti wake jinsi wakulima wa Valencia, Hispania, wanavyogawana maji ya mifereji kwa zamu: anayesubiri zamu yake huwa karibu, akimwangalia anayemaliza. Mkaguzi ni mwenye haja, wala halipwi mshahara. Nasi tunaye, ni yule atakayelichukua bomba kesho. Akiwapo linapopokelewa, likajazwa maji safi na kupulizwa mbele yake, dakika chache zinatosha kuona uvujaji. Mabomba ya dawa ya magugu, hata hivyo, yatengwe kabisa na kupakwa rangi yake: masalia hayaonekani hata kwa jicho la mwenye haja.

Wengine watapendelea faini. Mwaka 2000 Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha matokeo ya jaribio katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel: wazazi waliochelewa kuwachukua watoto walipoanza kutozwa, waliochelewa waliongezeka, maana faini iligeuka kuwa bei. Uharibifu wa makusudi ulipiwe, sawa, lakini kosa lililosemwa mapema lisiadhibiwe kama lililofichwa. Wapo pia watakaoona kumkagua jirani ni kumvunjia heshima. Ukweli ni kinyume chake: anayekaguliwa mbele ya mwenzake leo hawezi kusingiziwa ubovu wa kesho. Na wanaosema kila mkulima anunue lake wana haki, kwa mwenye uwezo. Asiye nao hawezi kuambiwa asubiri huku funza hawasubiri.

Basi daftari libaki, liongezewe safu mbili: hali ya kifaa kiliporudi, na sahihi ya anayekichukua baadaye. Stoo ya AMCOS isipokee bomba lolote mpaka safu hizo zijazwe, na ofisi ya mjini ifanye vivyo hivyo kwa projekta yake.