Makorongo mijini: watafiti wa Kinshasa na Bukavu waonyesha ukubwa wa hatari

Mvua kubwa inaponyesha usiku, wakaaji wengi wa miji ya DRC hawalali. Korongo lililo karibu linaweza kumeza nyumba kabla ya asubuhi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu (UOB) na wenzao wa Ubelgiji wameyahesabu makorongo hayo: 2.922 katika miji 26, yenye urefu wa karibu kilomita 740 kwa jumla. Utafiti wao ulitoka katika jarida Nature mwezi wa nane 2025.

Walitazama picha za satelaiti pamoja na picha za zamani zilizopigwa kutoka ndege, kisha wakalinganisha na hesabu ya wakaaji. Makorongo mengi hayakuwako miaka ya 1950. Kati ya 2004 na 2023, watu karibu 118.600 walipoteza makao. Wanaoishi mahali ambako makorongo yanaweza kupanuka walikuwa milioni 1,6 mwaka 2010. Mwaka 2023 walifika milioni 3,2.

Sababu kubwa ni miji kukua bila mpango. Maji ya mvua yanatoka kwenye mabati, yanakusanyika kwenye barabara zisizo na mifereji, kisha yanachimba udongo.

Kuimarisha korongo moja mara nyingi kunagharimu zaidi ya dola milioni moja. Ndiyo maana watafiti wanasisitiza kuzuia mapema: mifereji ichimbwe na viwanja vipangwe kabla watu hawajajenga.