Je, Kuna Kidonge cha Akili?

Majira ya Examen d'État yakikaribia, wanafunzi hukesha na madaftari yao. Mjini Kindu ni vivyo hivyo, Kasuku, Mikelenge, na Alunguli ng'ambo ya Lualaba: taa ni ndogo, masomo ni mengi, na macho yanafumba. Ndipo rafiki huja na shauri. Mmoja asema, "Meza vidonge hivi, utashika yote." Mwingine asema, "Tafuna makasu." Wa tatu aleta kidonge cha maumivu ili mwili usisikie uchovu. Hata mzee aliyeanza kusahau hununua chupa sokoni kwa sababu imeandikwa "kumbukumbu".

Watu hawa wote wamejifanya waganga wa vichwa vyao wenyewe. Basi tuangalie jambo hili kwa utaratibu.

1. Dawa hizi zimetoka wapi?

Mwaka 1964, kule Ubelgiji, mtaalamu Corneliu Giurgea wa kampuni ya UCB alitengeneza dawa iitwayo pirasetamu. Mwaka 1972 aliziita dawa za namna hiyo "nootropiki", jina lililotoka katika maneno ya Kiyunani ya akili na kugeuza. Alitafuta dawa ya kusaidia ubongo pasipo kuudhuru. Waganga wa Ulaya huitumia kwa wagonjwa fulani ambao viungo vyao hushtuka-shtuka kwa ugonjwa wa ubongo. Lakini haijathibitishwa kwamba humpa kijana mwenye afya akili ya kushinda mtihani. Tena hutoka mwilini kwa njia ya figo. Mwenye figo mbovu aweza kudhurika.

Na vidonge vya majani ya ginko, vinavyosifiwa kwa wazee? Huko Marekani wazee zaidi ya 3,000 wenye miaka 75 na zaidi walijaribiwa. Nusu walipewa ginko, nusu walipewa vidonge visivyo na dawa. Walifuatwa kwa miaka kama 6. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: ginko haikuwakinga na ugonjwa wa kupotewa na akili.

2. Kahawa na makasu

Ndani ya kahawa, chai na makasu mna kafeini. Hii huamsha kweli, lakini ujue namna inavyofanya kazi. Mtu akikaa macho muda mrefu, kitu fulani hukusanyika katika ubongo na kuuambia, "Lala." Kafeini huziba mlango ili ujumbe huo usiingie. Uchovu wenyewe haukuondoka, unangoja nje. Ni kama mkopo: kesho utalipa.

Tena haitoki upesi. Baada ya saa 5 hivi, karibu nusu ingali katika damu. Ukinywa kahawa saa nne za usiku, saa tisa nusu yake bado inakuamsha. Wataalamu wa chakula wa Ulaya husema mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, yaani vikombe 4 hivi, na mama mjamzito asipite 200. Mwenye moyo unaopiga mbio au shinikizo la damu aulize munganga kwanza.

3. Kwa nini kujijaribia hudanganya?

Tuseme kijana ameanza kumeza vidonge Jumatatu, na Ijumaa amejibu vizuri darasani. Asema, "Dawa imefanya kazi!" Lakini juma hilo alisoma zaidi, kwa kuwa alikuwa na tumaini. Labda homa iliyomsumbua ilikuwa imepoa. Labda maswali yalikuwa rahisi. Tena ametoa pesa, na aliyetoa pesa hutaka sana kuona faida. Kutumaini peke yake huweza kumfanya mtu ajisikie mwenye nguvu, hata kama kidonge ni unga mtupu.

Ndiyo maana wataalamu huwapa watu wengine dawa na wengine kidonge kitupu, na wala mtoaji wala mpokeaji hajui ni kipi. Mtu mmoja nyumbani mwake hawezi kufanya hivyo. Na akimeza dawa tatu kwa pamoja, kisha akatetemeka, atajuaje ni ipi iliyomdhuru?

4. Hatari kubwa

Jihadhari hasa na tramadoli. Hii ni dawa ya maumivu, si dawa ya akili. Humfanya mtu asisikie uchovu, kisha humfunga kama mtumwa. Huweza kuleta kifafa hata kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi, huweza kusimamisha pumzi, na mtu hufa kimya kitandani.

Ukiwa umekwisha kuizoea, usione haya. Usiache ghafula peke yako, kwa maana mwili utaumia. Njoo kwa munganga na pakiti mkononi, useme kweli umemeza ngapi na tangu lini.

Ukimkuta mtu anashikwa na kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole kinywani, umpeleke hospitali.

5. Mambo yanayosaidia kweli

Usingizi. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach wa Marekani walionyesha kwamba waliolala baada ya kujifunza walikumbuka zaidi kuliko waliokaa macho kwa saa zile zile. Ubongo huweka masomo mahali pake wakati wa kulala. Akeshaye usiku kucha hutwanga mpunga kisha humwaga mchele.

Kujiuliza. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Wengine walisoma mara mbili. Wengine walisoma mara moja, kisha wakaandika waliyokumbuka bila kuangalia. Baada ya juma moja, wa kwanza walikumbuka sehemu 42 katika 100. Wa pili, 56. Hili halina gharama wala madhara. Funga daftari, jiulize, ndipo ufungue.

Chakula. Asiende mtu mtihanini na tumbo tupu. Wali wetu wa Maniema na maharagwe, samaki wa Lualaba, sombe, lenga-lenga na karanga ni bora kuliko chupa ya sokoni. Tumia chumvi yenye ayodini, hasa mama mjamzito, kwa maana ubongo wa mtoto hujengwa tangu tumboni.

Kutafuta sababu. Mtoto asiyeshika masomo pengine hana damu ya kutosha, au ana minyoo, au malaria humrudia, au haoni vizuri ubao. Hayo yana dawa zake, na hupimwa. Mzee aliyeanza kusahau naye apimwe. Na akichanganyikiwa ghafula, aletwe siku ile ile.

Wazazi, kabla ya kutoa franka kwa kidonge cha akili, mleteni mtoto apimwe, kisha mmwache alale.

Maswali. Funga kitabu, ujibu:

1. Kafeini huondoa uchovu, au huziba tu ujumbe wake?
2. Kwa nini ushuhuda wa mtu mmoja juu ya dawa hautoshi?
3. Tramadoli huweza kuleta hatari gani mbili?
4. Utafanya nini usiku wa leo ili ukumbuke ulichosoma?