Wadogo Wanaolilisha Ziwa Tanganyika

Ndagala, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, wanaoanikwa katika fukwe za Kalemie nchini Kongo, kisha kutiwa maguniani na kusafirishwa hadi masoko ya Lubumbashi, hutozwa ushuru na kuandikwa katika taarifa za uvuvi; chakula cha ndagala hao, ambacho ni viumbe wasiofikia, wengi wao, urefu wa milimita 2, hutajwa kwa nadra sana hata pale mawaziri wanapokutana kujadili kupungua kwa samaki.

Viumbe hao ni kopepodi, wanyama wenye gamba jembamba walio jamaa wa kamba na kaa, nao ni sehemu ya planktoni, yaani viumbe wanaoelea majini na kuchukuliwa na mkondo wasioweza kushindana nao. Kopepodi hula mwani mdogo unaokua katika maji ya juu yanayopata jua, ndagala hula kopepodi, na mikebuka, ambao Kigoma huitwa migebuka na Bujumbura mukeke, hula ndagala. Mnyororo huu ni mfupi mno kwa ziwa lenye kina cha mita 1,470, na kwa ufupi huo kila pete ina uzito mkubwa, ijapokuwa kusini mwa ziwa mikebuka hupata msaada wa uduvi wa maji baridi wanaoishi mbali na ufuko. Mchana kopepodi hushuka gizani wasionekane na samaki, na usiku hupanda kula. Ndagala nao hupanda. Kwa hiyo uvuvi wa Kalemie ni kazi ya usiku na ya taa, kazi inayolegea mwezi unapokuwa mpevu, na wavuvi walilijua jambo hilo kabla ya mtaalamu yeyote kuliandika.

Katika Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika, nafasi kama hiyo imeshikwa na krili, mnyama anayefanana na uduvi wa pwani, mwenye urefu wa takriban sentimita 6, anayeliwa na nyangumi, sili, pengwini na samaki. Uzito wa krili wote hukadiriwa kwa mamia ya mamilioni ya tani, na bado mataifa yaliona haja ya kuwalinda: mkataba uliotiwa saini mwaka 1980 na kuanza kutumika mwaka 1982 unataka wabaki krili wa kutosha kuzaliana na, zaidi ya hapo, wa kutosheleza wanyama wanaowategemea. Sharti hilo la pili ndilo lenye maana kubwa, kwa sababu linamhesabu mlaji pamoja na mliwaji.

Madhara ya kutomhesabu mliwaji yalionekana jirani tu na Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 lumbu, mmoja wa samaki wadogo wa Tanganyika, alihamishiwa Ziwa Kivu, ambako leo huitwa sambaza na hulisha watu wengi, jambo ambalo hakuna sababu ya kulijutia. Lakini Dafnia, mnyama mkubwa kuliko wenzake katika planktoni ya Kivu, alitoweka baada ya ujio huo.

Tanganyika yenyewe inatishiwa kwa njia isiyoonekana kwa macho. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na kukaa kama kifuniko juu ya maji mazito ya chini yenye virutubisho, hata upepo wa kusini-mashariki, unaovuma kuanzia Mei hadi Septemba, ukashindwa kuyachanganya kama zamani; mwani hupungua, na baada yake kopepodi. Utafiti wa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, upungufu unaoweza kushusha mavuno ya samaki kwa asilimia 30. Mwingine wa mwaka 2016, uliochunguza matope ya chini ya ziwa, ulionyesha kuwa mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujapanuka katikati ya karne ya 20, kwa hiyo si haki kumtupia mvuvi lawama zote, hata kama anatumia chandarua.

Mwaka huohuo wa 2003 Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zilitia saini mkataba wa ziwa jijini Dar es Salaam, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na uamuzi huo una busara, kwa kuwa msimu wa upepo ndio msimu wa ziwa kujirutubisha. Hata hivyo, kufunga ziwa humlinda samaki dhidi ya wavu, lakini hakuonyeshi kama chakula chake kipo. Uvira, katika ufuko uleule wa Kongo, kuna kituo cha utafiti wa viumbe wa majini; wavu mwembamba wa planktoni, ukivutwa kutoka mita 100 kila mwezi mbele ya Kalemie na hesabu yake ikawekwa mbele ya mawaziri pamoja na tani za ndagala, ungegharimu kidogo kuliko mashua moja ya doria.